Hesabu na Heshima: Rekodi ya Hank Aaron Katika Mizani

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Wengi huichukua methali hii kana kwamba haina mjadala: atendaye mema hutuzwa, na tuzo humfuata mstahiki wake kama kivuli kimfuatavyo mtu. Hata hivyo, historia ya michezo inadhihirisha kwamba kuna nyakati ambapo chanda chema huvikwa pete huku kikichomwa miiba, na nyakati nyingine pete huvikwa chanda ambacho wema wake unatiliwa shaka. Rekodi ya homurani katika besiboli ya Marekani ni kielelezo bora cha hali hizo mbili.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huo, inafaa ielezwe kwamba katika besiboli mrushaji humrushia mpira mpigaji aliyeshika gongo. Mpigaji akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja pasi na kutoka nje ya mistari, huruhusiwa kuvizunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa na yeyote, na kuiletea timu yake alama. Pigo hilo ndilo homurani. Ni pigo gumu mno, na ndiyo sababu idadi ya homurani za mchezaji katika maisha yake yote uwanjani huhesabiwa na Wamarekani kuwa kipimo kikuu cha ubingwa.

Kwa miongo mingi kipimo hicho kilikuwa nambari 714, aliyoiacha Babe Ruth alipostaafu mwaka wa 1935. Hank Aaron aliipita mwaka wa 1974 na akastaafu mwaka wa 1976 akiwa na 755. Barry Bonds akaipita ya Aaron mwaka wa 2007 na kuishia 762. Kwa mujibu wa hesabu, mjadala umekwisha: 762 ni nyingi kuliko 755. Kwa mujibu wa heshima, mjadala ndio kwanza unaanza.

Haba na Haba

Henry Louis Aaron alizaliwa tarehe 5 Februari 1934 mjini Mobile, jimbo la Alabama, katika familia ya kikabwela na katika sehemu ya nchi ambayo sheria zilimtenga Mweusi na Mweupe shuleni, garini na hata kaburini. Alikuwa na umri wa miaka 13 Jackie Robinson alipouvunja ukuta wa ubaguzi katika Ligi Kuu mwaka wa 1947. Mwaka wa 1952 Aaron aliichezea Indianapolis Clowns, timu ya ligi za Weusi, kisha akasajiliwa na klabu ya Braves. Mwaka uliofuata alipelekwa Jacksonville, Florida, akawa miongoni mwa wachezaji Weusi wa kwanza katika ligi ndogo ya majimbo ya Kusini. Alitukanwa viwanjani, akakatazwa kula na kulala walikokula na kulala wenzake Weupe. Msimu ulipokwisha, akatawazwa mchezaji bora wa ligi hiyo hiyo.

Aliingia Ligi Kuu mwezi wa Aprili 1954 akiwa na Milwaukee Braves. Msimu huo alipiga homurani 13 tu. Mwaka wa 1957 aliiongoza timu yake kuishinda New York Yankees katika fainali na akateuliwa mchezaji bora wa ligi yake. Tarehe 17 Mei 1970 alifikisha mapigo halali 3,000, akawa mchezaji wa kwanza katika historia kuwa na mapigo 3,000 pamoja na homurani 500.

Jambo la kuzingatiwa ni namna alivyozikusanya nambari hizo. Aaron hakuwahi hata mara moja kupiga homurani 50 katika msimu mmoja. Msimu wake bora kabisa, wa 1971, ulimpa 47. Badala yake, kwa misimu 20 mfululizo, kuanzia 1955 hadi 1974, hakukosa kupiga angalau 20. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha Aaron kilijaa bila kishindo, mwaka baada ya mwaka, ilhali magazeti yakiwashangilia wengine. Isitoshe, mtu akiziondoa homurani zote 755 katika jumla ya mapigo yake halali 3,771, yatabaki 3,016. Yaani hata bila ya kazi iliyompatia umaarufu, Aaron angebaki miongoni mwa wapigaji wakubwa wa mchezo huo. Jumla ya alama 2,297 zilizopatikana kutokana na mapigo yake haijafikiwa na mwingine yeyote.

Mti Wenye Matunda

Msimu wa 1973 ulipomalizika, Aaron alikuwa na homurani 713, moja tu nyuma ya Ruth. Majira hayo ya baridi yangepasa kuwa ya furaha. Yalikuwa ya hofu. Barua zilimiminika kwa wingi hata Shirika la Posta la Marekani likakadiria kwamba alipokea takriban 930,000 katika mwaka mmoja. Nyingi zilikuwa za kumtakia heri. Nyingine zilikuwa za matusi ya rangi na vitisho vya kumuua iwapo angethubutu kuipita rekodi ya Mzungu. Ilimlazimu kutembea na mlinzi, na familia yake iliishi kwa tahadhari. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, lakini mawe haya hayakulengwa matunda. Yalilengwa rangi ya gome.

Tarehe 4 Aprili 1974, mjini Cincinnati, Aaron aliisawazisha rekodi. Siku nne baadaye, mjini Atlanta, mbele ya watazamaji 53,775, aliupiga mpira wa Al Downing wa Los Angeles Dodgers ukavuka ukuta. Homurani ya 715. Alipofika kituo cha mwisho, mama yake alimkumbatia kwa nguvu. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, hakuwepo uwanjani. Alikuwa na shughuli katika mji mwingine.

Hapa ndipo inapodhihirika kwamba nambari 715 si nambari tu. Ruth aliipata 714 yake katika ligi iliyowafungia mlango Weusi wote, kwa hiyo hakukabiliana katika mechi za ligi na mrushaji hata mmoja Mweusi. Aaron alicheza katika ligi iliyofunguliwa, dhidi ya warushaji wa kila rangi, na nje ya uwanja alikabiliana na chuki ambayo Ruth hakuijua. Haikosi maana basi kudai kwamba umbali kati ya 714 na 715 ni mrefu kuliko tarakimu moja.

Kivuli cha Dawa

Barry Bonds naye hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Kabla ya shaka yoyote kumwandama, alikwisha kutuzwa mara tatu, mwaka wa 1990, 1992 na 1993, kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Jumla ya tuzo hizo ilifika saba, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika besiboli. Lakini mwaka wa 2001, akiwa na umri wa miaka 37, umri ambao wapigaji wengi huwa wameanza kufifia, alipiga homurani 73 katika msimu mmoja. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kufikisha 50.

Uchunguzi wa maabara ya BALCO huko California ulimhusisha na dawa za kututumua misuli. Bonds alikana kwamba alizitumia akijua. Alipoipiga homurani ya 756 mjini San Francisco, tarehe 7 Agosti 2007, kamishna wa wakati huo, Bud Selig, hakuwepo uwanjani. Miezi mitatu baadaye Bonds alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki kutendeka. Mwaka wa 2011 alipatikana na hatia ya shtaka la pili pekee, na mwaka wa 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Mbele ya sheria, basi, hana hatia. Mbele ya waandishi wa michezo wenye kura ya kumwingiza katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli huko Cooperstown, alishindwa kwa miaka kumi mfululizo hadi jina lake likaondolewa katika orodha yao mwaka wa 2022. Aaron alikuwa ameingia humo mwaka wa 1982, mara ya kwanza kabisa alipopigiwa kura, kwa takriban asilimia 98.

Ifutwe au Isifutwe?

Wapo wanaoshikilia kwamba nambari 762 ifutwe na 755 irejeshwe kileleni. Rai hii inavutia hisia, lakini haisimami ikipimwa kwa mantiki. Kwanza, homurani hizo zilipigwa; alama zilihesabiwa, mechi zikaamuliwa. Kuzifuta ni kuandika historia ambayo haikutokea. Pili, Ligi Kuu yenyewe haikuwa na utaratibu wa kuwaadhibu waliopatikana na dawa hizo hadi mwaka wa 2004. Iliwaacha wapigaji watutumke huku ikivuna fedha za viingilio. Ni muhali mwenye shamba aliyefumbia macho magugu amlaumu mkulima mmoja peke yake. Tatu, ikiwa kila nambari iliyopatikana katika mazingira yasiyo ya haki itafutwa, basi ya Ruth ndiyo itakayotangulia, kwani ubaguzi ulimpunguzia washindani kwa hakika zaidi kuliko dawa yoyote.

Kwa upande mwingine, wapo wasemao kwamba nambari ni nambari, na kwamba aliyenayo kubwa ndiye mkubwa. Hao huongeza kuwa Aaron mwenyewe alimpongeza Bonds kwa ujumbe uliorekodiwa na kuonyeshwa uwanjani usiku ule wa 2007. Ni kweli alimpongeza. Lakini uungwana wa anayepitwa si ushahidi wa usafi wa anayepita. Aidha, vitabu vya rekodi havijapata kuwa maandiko matakatifu yasiyoguswa. Mwezi wa Mei 2024, Ligi Kuu ilijumuisha katika takwimu zake rasmi mafanikio ya wachezaji zaidi ya 2,300 wa ligi za Weusi za kati ya 1920 na 1948. Usiku mmoja, Josh Gibson, aliyefariki mwezi wa Januari 1947, miezi michache tu kabla ya Robinson kufunguliwa mlango, akawa kinara wa wastani wa upigaji wa maisha yote kwa 0.372, akimshusha Ty Cobb. Gibson hakuongeza pigo hata moja kaburini. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani astahiki kuhesabiwa.

Chimbuko la utata huu linaweza kuonekana hata katika neno lenyewe. Kiswahili kimelikopa neno "rekodi" pamoja na maana zake mbili: kumbukumbu ya jambo lililotokea, na ufanisi unaowashinda wote waliotangulia. Maana ya kwanza ni ya karani. Humtaka aandike kila kilichojiri, kizuri na kibaya. Maana ya pili ni ya jamii; huitaka jamii iamue ni nani anayestahili kuigwa. Mzozo wa 755 na 762 unatokana na kuzichanganya maana hizo. Karani hana budi kuandika 762 na jina la Bonds kando yake, wala asiongeze kinyota wala kukemea. Jamii nayo haina budi kumtukuza Aaron, wala isingoje idhini ya karani.

Tofauti hii si ya Wamarekani peke yao. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa haramu michezoni mwaka wa 2016, baada ya baadhi ya wanariadha wake kupigwa marufuku. Taifa linalojivunia mbio linapaswa kujifunza kuwauliza vijana wake maswali mawili badala ya moja: umekimbia kwa muda gani, na umekimbiaje?

Hank Aaron alifariki tarehe 22 Januari 2021 akiwa na umri wa miaka 86. Barua za chuki hakuzichoma. Alizihifadhi kwa miaka mingi, kwa kuwa nazo pia ni rekodi kwa maana ya kwanza ya neno hilo. Katika orodha rasmi jina lake ni la pili, na hapo linaweza kubaki pasi na hasara yoyote. Hesabu hupitwa na hesabu kubwa zaidi. Hata ya Bonds itakuja kupitwa. Lakini mtu aliyepiga mpira kwa misimu 23 bila kuyumba, akiwa ametishiwa kifo kwa kuufanya vyema mchezo wake, hawezi kupitwa kwa tarakimu. Pete anayo, na chanda ni chema.