Suti Haimwingizi Mtoto Chuoni

Kila mwaka, kahawa ikiwa bado kijani mtini, kuna wazazi hapa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanaoiuza kwa magoma. Kwa msomaji asiye wa huku, magoma ni kuchukua fedha leo kwa mfanyabiashara na kuja kumlipa kwa kahawa ya msimu ujao, kwa bei anayoitaka yeye. Magoma mengi yana sababu ambazo mtu mwenye moyo anazielewa: njaa, ugonjwa, ada ya shule. Lakini yapo magoma niliyoyashuhudia mwenyewe na mpaka leo yananiuma, nayo ni magoma ya suti. Mtoto ameitwa kwenye usaili wa chuo cha afya, ukoo umekaa kikao, na kikao kimeamua kwamba hawezi kwenda hivihivi. Wa kiume atafutiwe koti, tai na viatu vya ngozi. Wa kike atafutiwe suti ya sketi na viatu vya kisigino. Kahawa ya familia imekwenda kabla haijaiva.

Imani iliyo nyuma ya kikao hicho nimeisikia Mbinga mjini, nimeisikia Litembo na Maguu, nimeisikia pia kando ya Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi mpaka Mbamba Bay: mtoto akiingia tu mlangoni wanamtazama mavazi, na hapohapo wameshaamua. Wanaoisema ni watu wema wanaowatakia watoto wao heri. Hata hivyo imani hiyo ni ya uongo, na inawagharimu watoto wetu nafasi ambazo tayari zilikuwa mikononi mwao.

Nasema hivyo kwa sababu nimekaa upande wa pili wa meza. Nilifundisha Baiolojia sekondari kwa miaka mingi, na mara kadhaa niliombwa kusaidia jopo la usaili katika chuo kimoja cha afya hapa mkoani. Katika wote waliopita mbele yetu, kuna binti mmoja ambaye siwezi kumsahau.

Alitoka Lituhi kwa njia ya Kitai, na siku zile barabara ile ilikuwa vumbi jekundu mwanzo mpaka mwisho. Alivaa koti jeusi la mama yake mdogo. Mabega yalimzidi, na mikono ilikuwa imekunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa pini. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alipoketi na kurudisha mguu nyuma, kiatu kilichomoka kisigino, nikaona gazeti lililokunjwa limejazwa mbele ili kiatu kibane.

"Shikamooni," alisema kwa sauti ya kunong'ona.

"Marahaba mwanetu, karibu."

Tukamuuliza maswali mepesi ya kumtuliza. Hakujibu la maana hata moja. Muda wote mkono wake mmoja ulikuwa unashika pini za koti na macho yalikuwa sakafuni. Katika jopo tulikuwa na muuguzi mmoja mkongwe, mwenyeji wa mwambao, mama aliyekuwa amezalisha wanawake kwa zaidi ya miaka thelathini. Akamwambia, "Mwanangu, vua hivyo viatu. Na koti litundike hapo nyuma ya kiti. Sasa tueleze, umewahi kumuuguza nani?"

Binti akavua. Ndani ya koti alikuwa na shati lake jeupe la shule, safi, lililopigwa pasi. Akaweka nyayo zake sakafuni, akainua kichwa, akatusimulia usiku ambao yeye na shangazi yake walimpeleka jirani mjamzito zahanati kwa mtumbwi, ziwa limechafuka kwa upepo wa kusi. Wanaume wawili walipiga makasia. Yeye alishika tochi, na kwa kuwa hakuwa na saa, alihesabu makasia kati ya uchungu mmoja na mwingine. Walipofika alimwambia mhudumu hesabu aliyoanza nayo na hesabu aliyofikia. Muuguzi wetu aliweka kalamu mezani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na swali jingine.

Kisha tukaomba vyeti.

Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina la Christina. Cheti cha ubatizo kiliandikwa Kristina. Jina la ukoo katika kimoja lilikuwa na herufi r, katika kingine l. (Jina la kwanza nimelibadilisha hapa, lakini tofauti ilikuwa ya namna hiyohiyo.) Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo kabisa. Tulipomuuliza, alijibu bila kuficha: "Baba alisema hela ya cheti ingoje kwanza nipate nguo." Tukampa siku za kurekebisha. Siku zikaisha, orodha ikafungwa, nafasi akapewa aliyemfuata kwa alama. Huyo aliyemfuata sikumbuki alivaa nini.

Ninaposikia kikao cha ukoo kinajadili tai, namkumbuka yule binti. Hakukosa chuo kwa sababu ya mavazi. Alikikosa kwa sababu karatasi zilingojeshwa kwa ajili ya mavazi, na mavazi yenyewe nusura yamzibe mdomo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi niliona kwa macho kwamba hata sauti haiisitiri.

Tatizo la karatasi si la familia moja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 16 tu ndio waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa kwao. Watoto wale wa 2010 ndio hawa wanaomaliza kidato cha nne na kubisha hodi vyuoni miaka hii. Usajili umepanuka sana tangu wakati huo, lakini umepanukia zaidi wadogo zao. Aliyechelewa kusajiliwa hulazimika kukusanya vielelezo: kadi ya kliniki kama mchwa hawajaila, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, barua ya mtendaji. Anavipeleka ofisi ya Mkuu wa Wilaya, huku juu ni Mbinga mjini na kule chini ni Mbamba Bay, tangu Nyasa ilipokuwa wilaya yake yenyewe. Hiyo si kazi ya siku moja. Huwezi kuianza Jumatatu wakati usaili ni Alhamisi.

Na majina yetu! Ndunguru anaandikwa Ndungulu, Hyera anaandikwa Hiera au Hyela, kwa sababu aliyeandika aliandika alivyosikia. Padri aliandika kwa mkono wake, mwalimu wa darasa la kwanza kwa wake, karani wa zahanati kwa wake. Kijijini hakuna anayeona tofauti, maana sote tunajua ni mtoto wa nani. Mezani kwa msaili hao ni watu wawili. Soma matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako vijana hawahawa wataishia baada ya chuo. Yanataka vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa. Yanataka kitambulisho. Yanasema wazi kwamba hati za matokeo za muda hazitakubaliwa, na kwamba mwenye majina yanayotofautiana alete hati ya kisheria iliyosajiliwa. Kila msailiwa anaambiwa atajigharimia nauli, chakula na malazi. Katika matangazo niliyoyasoma sijaona mahali koti na tai vinadaiwa.

Hata Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo vijana wengi wa Ruvuma wanalijua kwa kambi ya Mlale, linapowaita vijana wa mafunzo hutoa orodha ya vitu: bukta, raba, soksi, nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Ni vitu vya kazi inayowasubiri. Anayeandika orodha ile anajua kijana anakwenda kufanya nini, nasi tungekaa kikao tukiwa na swali hilo, tusingefika kwenye tai.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mavazi ni heshima, na kwamba mtu hawezi kwenda mbele ya wakubwa amevaa ndala na fulana ya kampeni. Ni kweli, na sijasema aende hivyo. Usafi unatazamwa, na katika uuguzi unatazamwa kwa sababu ya kazi yenyewe. Niliwahi kumwona yule mama wa mwambao akitazama kucha za kijana kabla ya kutazama uso wake, kwa maana kucha ndefu hubeba uchafu kutoka kitanda kimoja mpaka kingine. Kucha fupi, nywele zilizotunzwa, nguo iliyofuliwa, viatu visivyotoa sauti na vinavyomwezesha mtu kusimama kutwa. Sare ya shule iliyopigwa pasi inatimiza yote hayo, na haimgharimu mzazi hata shilingi. Anayetoka ziwani kuja Mbinga mwezi Juni au Julai aongeze sweta, kwa sababu baridi ya huku juu humtetemesha aliyezoea joto la ufukweni, na wasiomjua watadhani ni woga. Nguo ya usaili inahitaji kuwa safi, yenye staha, na yake mwenyewe.

Lipo jambo jingine linalonisumbua kuliko fedha. Tunapomvika mtoto wa mkulima koti la kuazima, tunamfundisha kimyakimya kwamba alikotoka kunapaswa kufichwa. Anaingia akiwa amejipanga kuigiza mtoto wa mjini. Akiulizwa kwa nini anataka uuguzi, anatoa jibu la kukariri kwamba ni wito tangu utotoni, na jibu hilo tumelisikia kwa wanane kabla yake. Kumbe nyumbani kwao amelima ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha milimani, pamoja na wazazi, anajua maana ya kufanya kazi ngumu kwenye mteremko bila kusimamiwa. Amekaa na bibi mgonjwa miezi sita. Amekulia kando ya maji yenye kichocho na anawajua watoto waliokojoa damu. Hayo ndiyo ambayo jopo linataka kusikia, naye ameyaacha nje ya mlango kwa sababu tumemwambia hayafanani na suti.

Wanaoeneza habari ya suti hupenda kutaja Ulaya na Marekani, ambako picha za mtandaoni zinaonyesha waombaji wa vyuo vya udaktari wamevaa makoti meusi. Ni kweli wanavaa. Lakini nchi hizohizo zimeliona tatizo la msaili kuvutwa na sura ya mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilibuni usaili wa vituo vingi: mwombaji anapita kituo baada ya kituo, kila kimoja kina msaili wake na jambo lake la kujadili, ili macho ya mtu mmoja yasiamue hatima yake. Vyuo vingi vya udaktari vya Uingereza navyo vinautumia mtindo huo. Wenzetu wanahangaika kupunguza nguvu ya mavazi, sisi tunauza kahawa mbichi ili kuiongeza.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, walezi na walimu wenzangu, kuanzia Mbinga mpaka Liuli: kama nyumbani kwako kuna mtoto wa kidato cha nne mwaka huu, toa karatasi zake zote leo jioni. Zishushe kutoka darini zinakoliwa na moshi, zitandaze juu ya mkeka, umwite mtoto mwenyewe asome kila jina herufi kwa herufi, la kwake, la baba, la babu. Herufi moja ikitofautiana, anzeni kuishughulikia kesho, mkiwa bado na miezi. Kama hana cheti cha kuzaliwa, fedha mliyoiwekea viatu ipelekeni huko kwanza. Vyeti halisi viwekeni kwenye bahasha ngumu isiyopitisha maji, na nakala zake kwenye bahasha nyingine. Kitakachobaki kiwe nauli ya kumfikisha siku moja kabla, alale, aamke ametulia. Shati la shule analo tayari.