Jedwali la Elementi Halikubandikwa Ukutani Liimbwe

Ingia katika darasa lolote la Kidato cha Pili uwaombe wanafunzi wakutajie elementi 20 za mwanzo. Watazitaja bila kuvuta pumzi, haidrojeni hadi kalsiamu, kwa mahadhi yaleyale waliyoachiwa na waliowatangulia. Kisha waulize swali dogo: kwa nini sodiamu ya maabara huhifadhiwa ndani ya mafuta ili isishike moto, na sodiamu hiyohiyo tunaila kila siku kwenye chumvi wala haituunguzi? Hapo watatazamana. Wanayajua majina kama mtu aliyekariri ukoo mzima asijue nani kamwoa nani.

Watoto siwalaumu. Ni sisi wazazi na walimu tuliowazoesha kwamba kujua ni kutaja, na anayetaja haraka ndiye mwenye akili. Tukiendelea hivi tutapata vijana wenye vyeti vya kemia wasioweza kueleza kinachotokea ndani ya ndoo ya maji nyumbani kwao.

Jedwali lenyewe lilizaliwa kutokana na shida ya mwalimu. Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev, profesa wa St. Petersburg, alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake kitabu cha kemia. Elementi zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63, na kila moja ilikuwa na habari zake, hata usijue uanze na ipi. Wapo wanaosimulia kwamba jedwali alilipata ndotoni. Kisa hicho sikipendi kuwapa vijana, maana kinawafundisha kulala. Mendeleev alizipanga elementi kwa uzito wa atomi zake, akaona kwamba tabia zinajirudia: metali laini inayoripuka majini, mbele yake nyingine ya namna hiyo, na mbele zaidi nyingine tena. Zenye tabia moja akaziweka katika kundi moja.

Ujasiri wake ulikuwa mahali pengine. Alipokosa elementi ya kufaa nafasi fulani, hakuibana safu ili ionekane imejaa. Aliacha pengo, akaandika elementi itakayokuja kulijaza itakuwa na uzito gani na tabia zipi. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akagundua metali mpya, galiamu, iliyolingana na mojawapo ya mapengo hayo. Alipoipima alipata kwamba ni nzito mara 4.7 kuliko maji ya ujazo uleule. Mendeleev akamjibu kutoka Urusi kwamba sampuli yake haijasafishwa vya kutosha. Kipimo chapaswa kuwa karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha, akapima upya, akapata 5.9. Hebu tafakari hilo: mtu ambaye hajaiona metali hiyo anamsahihisha aliyeishika mkononi, naye ndiye mwenye haki. Mwaka 1886 Mjerumani Clemens Winkler akapata jemaniamu. Mendeleev alikuwa amekadiria uzito wa atomi yake kuwa 72; leo tunaujua kuwa 72.6. Aliyekariri orodha asingeweza kufanya hivyo, kwa kuwa orodha haina pengo la kumtia mtu mashaka.

Sababu ya tabia kujirudia ilijulikana baadaye. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwamba kinachozipanga elementi hasa ni idadi ya protoni ndani ya kiini, wala si uzito. Elektroni nazo hukaa kwa matabaka kukizunguka kiini hicho, na zilizo katika tabaka la nje kabisa ndizo zinazoamua atomi itafungamana na nani. Elementi za kundi moja, zile zilizoshukiana wima, kwa kawaida zina idadi moja ya elektroni za nje. Kijana akilishika hilo, ameshika sehemu kubwa ya kemia ya kidato chake.

Turudi kwenye chumvi. Sodiamu ina elektroni 11, zimekaa 2, 8, na 1. Klorini ina 17, zimekaa 2, 8, na 7. Klorini ikiwa peke yake ni gesi ya sumu. Ndiyo iliyofunguliwa dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Zikikutana, sodiamu hutoa ile elektroni moja ya nje na klorini huipokea, kila moja ikabaki na tabaka la nje lenye elektroni nane. Aliyetoa amekuwa ioni ya chanya, aliyepokea ioni ya hasi, nazo zinavutana. Kifungo hicho cha ioni ndicho kinachoshikilia punje ya chumvi. Moto wa sodiamu na sumu ya klorini havionekani tena, kwa sababu vyote viwili vilitokana na hali ya tabaka la nje, na hali hiyo imebadilika.

Sasa tazama juu na chini ya klorini katika kundi la 17. Chini yake, baada ya bromini, kuna iodini, ile ya chumvi yenye madini joto. Akiikosa mtu huweza kuota rovu shingoni, na mtoto akaathirika akili. Juu yake kuna florini, ambayo watu wa Arusha na Meru wanaijua vizuri, kwa kuwa imezidi katika maji ya maeneo mengi ya huko na huwaachia watoto meno ya rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mama mwenye bidii atayachemsha maji akidhani ameitoa. Mama yangu, kuchemsha kunaua vijidudu, lakini florini iliyomo majini ni ioni, haina uhai wala haipai na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale na kuzidi kukolea. Kinachosaidia ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa, kwa kuwa madini ya mfupa yana kalsiamu, na ioni za florini hushika nafasi humo. Ndivyo zinavyoingia hata katika meno ya mtoto.

Na ukisafisha choo, usichanganye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na dawa ya choo yenye asidi. Asidi huifungua klorini, na gesi ileile ya Ypres ikajaa chooni kwako.

Si kila kifungo ni cha kupeana. Kaboni ina elektroni nne za nje. Nne ni nyingi kuzitoa na ni chache kuzingojea zikamilike, basi hushirikiana na jirani. Katika almasi ya Mwadui kila atomi ya kaboni imeshikana na nyingine nne pande zote, ndiyo maana inakata kioo. Katika madini ya kinywe ya Mahenge kila moja imeshikana na tatu, kwa tabaka zinazoteleza zenyewe kwa zenyewe, na ndiyo maana kinywe hufaa kutengenezea penseli. Kaboni ni ileile, tofauti ni jinsi ilivyofungamana.

Mwalimu ataniambia shule yake haina maabara. Najua, na anayelaumiwa kwa hilo si yeye. Lakini kuna somo lisilohitaji hata kiberiti. Chukua kipande cha karatasi uifunike bromini kwenye jedwali la ukutani. Waambie wanafunzi kwamba uzito wa atomi ya klorini ni 35.5 na wa iodini ni 126.9, kwamba klorini ni gesi na iodini ni yabisi, na kwamba kila moja huchukua elektroni moja kutoka kwa sodiamu. Waulize iliyofunikwa ikoje. Mmoja atajumlisha na kugawa kwa mbili, apate 81.2. Mwingine atabahatisha kwamba ni kimiminika. Wa tatu, pengine yule asiyejua kuimba, ataandika kwamba atomi moja yake itafungana na sodiamu moja. Ukishabandua karatasi, uzito watauona ni 79.9. Usiwaambie ile tofauti ya 1.3 imetoka wapi. Waachie wabishane mpaka kengele ilie.