Maktaba ya Mlimani: Jengo limekamilika, je, rafu?

UJENZI wa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwenda kwa kasi isiyozoeleka katika miradi mikubwa ya umma. Hayati Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Juni 2016, na ni yeye aliyeizindua Novemba 27, 2018.

Jengo hilo, lililogharimiwa na Serikali ya China kwa takribani dola za Marekani milioni 40, lina ukubwa wa mita za mraba 20,000. Linaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000.

Hitaji lake halikuwa na ubishi. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani baadaye, na Julai 1, 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Maktaba yake ya zamani, inayobeba jina la Dk. Wilbert Chagula, ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wachache wa enzi hizo. Walipofikia maelfu kwa maelfu, kiti cha kusomea kikawa cha kugombewa.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba nafasi ya vitabu 800,000 si vitabu 800,000. Msaada wa ujenzi hutolewa mara moja, lakini umeme, lifti, viyoyozi, mtandao na mishahara ya wakutubi hulipiwa kila mwaka. Majarida ya kitaaluma nayo hulipiwa kwa fedha za kigeni, na ada ikikatizwa, mlango hufungwa. Somo hilo si geni: katika miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba, maktaba nyingi za vyuo vikuu barani Afrika zilishindwa kuendelea kupokea majarida hayo. Majengo yalibaki, elimu iliyomo ikachakaa.

Yako pia mambo ambayo hakuna mfadhili awezaye kuyanunua. Mlimani pamehifadhiwa miswada ya kale ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo J.W.T. Allen aliiorodhesha katika katalogi iliyochapishwa mwaka 1970. Kitabu cha fizikia kikipotea, huagizwa kingine. Mswada wa utenzi ulioandikwa kwa mkono ukiliwa na mchwa au ukungu wa pwani, na hauna nakala, umekwenda moja kwa moja.

Ni dhahiri, basi, kwamba mafanikio ya maktaba hii hayawezi kupimwa kwa viti vilivyojaa pekee. Mwanafunzi aweza kukaa humo kutwa nzima akisoma madokezo aliyokuja nayo kutoka bwenini. Kipimo cha haki ni fungu linalotengwa kila mwaka katika bajeti ya chuo kwa ajili ya vitabu, majarida na uhifadhi wa kumbukumbu. China ilitoa jengo. Kulijaza na kulitunza ni wajibu wa Watanzania wenyewe, na wajibu huo hauna siku ya uzinduzi wala utepe wa kukata.