Zipu Haichekeshi

Kuna mzaha mmoja ambao umenichosha kabisa. Mtu anavaa vazi la mpira lenye umbo la mjusi, anakanyaga maboksi yaliyochorwa madirisha, mwenzake anakimbia akipiga mayowe huku midomo yake hailingani na sauti, halafu kamera inahamia mgongoni mwa dubwana ili sote tuione zipu. Hapo tunatakiwa tucheke. Filamu huru za bajeti ndogo zinazoyadhihaki madubwana ya sinema ya Kijapani, yale yaitwayo kaiju, ni nyingi, na nyingi kati yake zina kichekesho kimoja tu: waoneni hawa, hawakuwa na pesa.

Nasema kichekesho hicho ni cha kivivu. Tena ni cha uongo.

Tuanze na uongo. Godzilla ya kwanza, iliyoongozwa na Ishirō Honda, ilitoka Novemba 1954, na ilikuwa miongoni mwa filamu ghali kabisa zilizokuwa zimetengenezwa Japani hadi wakati huo. Studio yake, Toho, ndiyo iliyotoa Seven Samurai mwaka huohuo. Eiji Tsuburaya, fundi wa picha za hila, aliihusudu King Kong ya 1933, ambamo kinyago kilisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Yeye hakuwa na muda wa kutosha kwa kazi hiyo. Akamvika Haruo Nakajima vazi la karibu kilo 100, akajenga Tokyo ndogo, kisha akapiga picha kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida kila hatua ionekane nzito. Anayeona umaskini hapo hajatazama.

Na midomo isiyolingana na sauti? Mtazamaji wa Tokyo hakuiona. Ilitokana na sauti za Kiingereza zilizopachikwa baadaye kwa ajili ya soko la nje. Mwaka 1956 wasambazaji wa Marekani waliikata filamu ya Honda, wakamwingiza mwigizaji Raymond Burr kama mwandishi wa habari wa Kimarekani, na wakapunguza mengi yaliyogusa bomu. Bomu ndilo lililokuwa kiini. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakaiangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, iliyokuwa na watu 23. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba. Watu waliokwenda sinema Novemba ile waliona chombo kikiteketea baharini katika mwanga wa ghafla, kisha wakaona mtoto akipimwa mionzi hospitalini. Hawakuhitaji kuelezwa.

Mwenzangu mmoja katika semina ya shahada ya uzamili alidai kwamba mzaha hauhitaji historia. Kinachochekesha kinachekesha tu. Namjibu hapa kwa sababu siku ile muda ulituishia. Mzaha unahitaji kumjua unayemtania. Utani wa kweli una ukaribu ndani yake. Usipomjua mtu, unachofanya ni kumcheka.

Wanaojua wapo. Mwaka 1969 Marv Newland alitengeneza katuni isiyofika dakika mbili, Bambi Meets Godzilla. Sehemu kubwa ni orodha ya watengenezaji, swala mdogo anakula majani kwa amani, mguu mkubwa unashuka, basi. Kinachotaniwa ni utamu wa sinema za watoto na majigambo ya orodha za majina. Mwaka 1983 vijana wa Daicon Film huko Osaka walitengeneza toleo lao la Ultraman. Hideaki Anno aliigiza shujaa huyo akiwa uso wazi, bila kinyago, lakini majengo yao madogo waliyatengeneza kwa umakini wote. Miaka 33 baadaye Anno huyohuyo aliongoza Shin Godzilla pamoja na Shinji Higuchi. Naye Minoru Kawasaki, mwaka 2008, alimfufua Guilala, dubwana la filamu ya 1967, akalipeleka kwenye mkutano wa viongozi wa G8 Hokkaido. Vazi ni bandia waziwazi, ila wanaoaibika ni wakubwa wa dunia, kila mmoja na mpango wake wa kuliua unaoshindwa.

Mtaniambia: mtengenezaji asiye na hela afanyeje? Kuonyesha zipu si unyoofu? Aionyeshe. Sijamkataza mtu zipu. Ninachopinga ni zipu kuwa ndiyo hadithi nzima, kwa sababu jicho lililozoea kucheka ukosefu wa pesa halibaki Japani. Limekwishafika Wakaliga, Kampala. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotoka 2010, inasifiwa na wageni kwa ile sifa ya kejeli ya kuwa mbaya mpaka ikawa nzuri. Hawasikii kwamba sauti ya VJ Emmie inaitania filamu hiyo tangu mwanzo, tena ndani ya filamu yenyewe. Wakaliga wamecheka kwanza. Mgeni amechelewa na bado anadhani yeye ndiye aliyekigundua kichekesho.

Kwa hiyo wewe mwenye simu, gundi na maboksi, tengeneza dubwana lako. Mkia ukatike katikati ya vita, taa zionekane, jirani apite nyuma na ndoo. Hayo yote tutayasamehe na tutayapenda. Ila kabla hujamvika rafiki yako lile vazi la joto, amua kwanza mguu wake utamkanyaga nani.