Daftari la Wanafunzi wa Zamani Lisifutwe Majina

Wako wanaotaka daftari la wanafunzi wa zamani, ambalo sasa limo katika kompyuta ya shule, lipangwe upya kwa mikoa, na kila palipoandikwa Bururi au Rumonge paandikwe Burunga. Mimi siafiki, na sababu yangu naitoa ndani ya kompyuta yenyewe.

Tazameni jinsi Linux inavyofungua faili. Programu hutaja njia, mathalan /Bururi/Rumonge/Kizuka/barua. Kiini cha mfumo, yaani ile sehemu inayotawala mashine yote, hakirukii kwenye barua. Kikiona mkwaju mwanzoni huanzia kwenye shina. Kisipouona huanzia katika folda ambamo programu inafanya kazi. Kisha hupiga hodi folda baada ya folda: hutazama kama programu ina ruhusa ya kupita, hutafuta jina lifuatalo, huingia. Ni kama mgeni ashukaye Rumonge akitafuta nyumba ya mchuuzi wa ndagala. Huuliza tarafa, kisha kilima, ndipo aonyeshwe mlango. Jina moja likikosekana safari imekwisha, hata kama barua ipo salama salimini.

Lakini faili haimo katika folda hasa. Folda ina majina, na kando ya kila jina pana nambari. Nambari hiyo, iitwayo inodi, ndiyo inayoonyesha faili. Badili jina la folda, inodi haibadiliki. Hata programu iliyokwisha kuifungua faili huendelea kuisoma bila wasiwasi, maana haina haja tena na njia.

Sasa tuje pwani yetu. Mtu aliyezaliwa Kizuka mwaka 1990 alizaliwa Mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 ulipoundwa Mkoa wa Rumonge, kwao kukawa tarafa ya Rumonge, Mkoa wa Rumonge (jina mara mbili, kiini hakichanganyikiwi na jambo hilo, sisi ndio huchanganyikiwa). Mwaka 2025 mikoa 18 ilifanywa 5, na sasa ni Burunga. Mtu ni yule yule, njia ni tatu. Tukimfutia Bururi, cheti chake cha zamani hakitapatana na daftari. Karani atasema hayumo, naye atakosa kazi kwa ajili ya jina asilolibadili yeye. Tena Muhuta, iliyokuwa katika Mkoa wa Rumonge, imekwenda Mkoa wa Bujumbura. Je, nao tutawaandika Burunga?

Rai yangu ni hii: kila mmoja apewe nambari ya kudumu, jina la mkoa liachwe kama lilivyoandikwa, na kwa njia ya zamani tuweke kiungo, yaani faili ndogo isiyo na kitu ila njia nyingine ya kufuata. Mikoa ikibadilika tena tutaongeza kiungo kingine. Linux huvumilia viungo 40 katika njia moja kabla ya kukataa, kwa hiyo nafasi bado tunayo.