MAONI YA MHARIRI: MTOTO AKIFUNGA CHOO, TUTAZAME SUFURIA KWANZA



Kwa kawaida nafasi hii ya ubao wetu huwa ni ya bei za machungwa, zamu za mashine na majina ya wale wasiorudisha magunia ya ushirika. (Majina hayo yapo pembeni kulia, wenyewe wanajijua.) Leo mhariri ameichukua nafasi yote kwa jambo ambalo wengine wenu mtalicheka, nalo ni choo cha watoto wadogo, wale wa mwaka mmoja hadi mitatu. Chekeni, hakuna ubaya. Ila msiondoke kabla ya kufika mwisho, maana mwishoni kuna habari ya mashine yetu na duka letu, na hapo nadhani kicheko kitapungua.

Nianze na nyumbani kwangu, ili mtu asiseme mhariri anasema watu. Mjukuu wangu ana miaka miwili na miezi minne. Mwezi ule wa kupalilia alikaa siku tano bila choo. Siku ya sita tukamwona amesimama nyuma ya mlango, kakaza miguu, kashika mwimo wa mlango, jasho linamtoka. Sisi tukadhani anajikamua. Kumbe alikuwa anajizuia! Jioni yake nguo ya ndani ikawa na maji maji ya choo, bibi yake akasema, basi, sasa anaharisha. Tukamnyima papai, tukampa uji wa sembe mzito na chai ya rangi ili tumbo lishike. Jirani mwema, wala simlaumu, akaja na kipande cha sabuni, kikaingizwa kule kwa mtoto kama walivyofanyiwa wengi wetu udogoni. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na kikatoka kidogo tu, kigumu kama kokoto, na damu juu yake.

Kesho yake nilimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Mganga alimlaza, akambonyeza tumbo taratibu, kisha akauchukua mkono wangu akauweka chini upande wa kushoto. Nikagusa kitu kigumu kama muhogo. Akaniambia, "Mzee, huyu haharishi. Njia imezibwa, na hayo maji yanapenya pembeni." Sisi tulikuwa tunamtibu kuhara mtoto aliyefunga choo, yaani tunaongeza kigogo kwenye mfereji uliokwisha kuziba.

Akanieleza jinsi inavyokwenda, nami nawaeleza nanyi. Choo kikikaa sana tumboni, utumbo unaendelea kukinyonya maji, kinakauka. Kikikauka kinakuwa kinene, kikitoka kinauma, pengine kinachana ngozi. Mtoto si mjinga: akishaumia mara moja, safari ya pili anabana. Akibana, kinakauka zaidi na kunenepa zaidi, na siku kikitoka kinauma kuliko jana. Basi ni duara hiyo, inazunguka. Kumchapa mtoto au kumwita mchafu kwa sababu kajichafua ni kuikaza hiyo duara, maana maji yale yanatoka bila yeye kujua.

Halafu mganga akaniuliza swali lililonitia aibu: "Anakula nini?" Nikahesabu mbele yake. Asubuhi chai ya maziwa na biskuti. Mchana ugali wa sembe na mchuzi wa dagaa, mchuzi mwingi, mboga kidogo kwa sababu haipendi. Kati ya hapo maziwa, na akilia maziwa tena, maana tuna ng'ombe na tulikuwa tukijisifu kwamba mtoto wetu anashiba maziwa. Jioni wali mweupe. Maji ya kunywa? Nikanyamaza. Maji ni ya kisima, yanabebwa kichwani, na anayebaki na mtoto ni dada yake wa miaka tisa, ambaye anampa maji akikumbuka. Na nyumba yetu, ndugu zangu, imezungukwa na michungwa pande tatu!

Sisi wa Muheza tunajulikana kwa machungwa. Malori yanayafuata kutoka Dar es Salaam, na mengine yanakwenda mpaka Kenya. Hela tukiipata tunapita duka la ushirika kununua biskuti za mtoto. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, na karani wa duka anaweza kuwaonyesha daftari.

Sasa tuseme habari ya chakula chenyewe. Kinachofanya choo kiwe laini na kikubwa cha kutosha kusukumwa ni zile nyuzi na makapi ya mimea ambayo tumbo haliyasagi yote, pamoja na maji ya kuyalowesha. Sembe iliyokobolewa imevuliwa sehemu kubwa ya hayo. Wali mweupe hivyo hivyo, mkate mweupe, maandazi, biskuti. Maziwa, nyama na samaki ni vyakula vizuri vya kujenga mwili, lakini nyuzi havina kabisa. Kwa hiyo mtoto anaweza kushiba kutwa nzima na bado hakuna cha kusukuma.

Papai lililoiva ni la kwanza, linaota hata jalalani na mtoto hahitaji meno kulila. Kipande cha ukubwa wa kiganja chake asubuhi na kingine jioni. Embe, parachichi, fenesi lililoiva lililotolewa kokwa na kukatwakatwa. Chungwa nalo, lakini hapa nina neno. Sisi tuna mtindo wa kulimenya chungwa kwa kisu, kulikata, kulifyonza na kutupa makapi. Hayo makapi ndiyo dawa! Mtoto apewe nyama yake yote, iliyotolewa mbegu na kukatwa vipande vidogo. Ukimkamulia juisi na kuichuja umempa maji na sukari, makapi yamebaki kwenye chujio. Ndizi mbivu sana haina taabu, ile ambayo haijaiva sawasawa iacheni kwanza.

Upande wa mboga, kisamvu, matembele, mchicha, majani ya maboga na boga lenyewe. Asiyependa mboga zichanganywe: kisamvu kilichotwangwa laini na nazi hakuna mtoto anayekikataa, na boga lililopondwa linaingia ndani ya uji bila yeye kugutuka. Maharage, kunde na choroko zipikwe mpaka ziive kabisa, zipondwe. Karanga ziwe za kusagwa, maana karanga nzima ni hatari, inaweza kumkaba koo mtoto wa umri huo. Tena msianze leo kwa sahani nzima ya kunde, tumbo litajaa gesi na mtalaumu gazeti. Ongezeni kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili.

Na maji. Chakula chenye makapi bila maji kinaweza kuongeza tatizo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji vinywaji kama vikombe 4 vya robo lita kwa siku, maziwa yakiwemo humo, na siku za joto zaidi ya hapo. Yawe ya kuchemshwa. Dawa niliyoiona mimi ni kikombe chake mwenyewe, cha rangi anayoipenda, kimejazwa mahali anapokifikia, na dada yake ajue kazi mojawapo ni kukimaliza hicho. Maziwa ya ng'ombe kwa mtoto aliyepita mwaka yasizidi nusu lita kwa siku, kwa sababu yakizidi anashiba na kukataa chakula kingine. Maziwa ya mama hayamo katika hesabu hii. Anyonye hadi miaka miwili na zaidi. Chai ya rangi ya nini kwa mtoto wa miaka miwili? Inamzuia hata kupata madini ya chuma, inayomjengea damu.

Wenye watoto chini ya miezi sita tafadhali msichukue haya. Mtoto anayenyonya tu anaweza kupitisha siku kadhaa bila choo na akawa mzima, mradi kikija ni laini, ananyonya vizuri na anaongezeka uzito. Huyo hapewi maji wala papai. Na asali asipewe mtoto yeyote ambaye hajatimiza mwaka.

Yapo ya kufanya yasiyogusa sufuria. Tumbo likipokea chakula, utumbo wa chini nao huamka, kwa hiyo muda mzuri wa kumkalisha mtoto ni baada ya kula, dakika tano hivi, si zaidi. Shimo la choo chetu kwa mtoto wa miaka miwili ni jambo la kutisha, kubwa na lina giza, hata mimi usiku silipendi. Bibi zetu walijua: mama anakaa chini, ananyoosha miguu, mtoto anakaa juu ya nyayo zake akitazamana naye, magoti yake yamepanda. Mkao huo ndio unaofungua njia. Turudieni huo, au poti ambayo miguu yake inagusa chini.

Sabuni, basi. Inaunguza ngozi laini. Haluli, mafuta ya nyonyo, na kupiga bomba kwa majani ya porini, vyote hivyo kwa mtoto mdogo ni kucheza na roho yake. Anaweza kuishiwa maji mwilini, anaweza kupata sumu, na utumbo unaweza kutoboka. Najua kuna wazee watakaonuna. Tumeshi kijijini pamoja, tutaongea.

Wala nisiwadanganye kwamba papai linatosha kila mara. Kwa mjukuu wangu halikutosha mwanzoni, kwa sababu kilichokwisha kuziba kilihitaji dawa ya zahanati ya kulainisha choo, na alikunywa kwa wiki nyingi hata baada ya choo kurudi, mpaka akasahau maumivu. Tuliambiwa tusiikatishe mapema. Chakula ndicho kilichomzuia asirudi alikotoka. Mpelekeni zahanati bila kungoja mtoto ambaye tumbo limevimba, anatapika, ana homa, anatoa damu, hakui, au amekuwa na shida hii tangu siku za kwanza za kuzaliwa. Na kama anatumia dawa ya kuongeza damu, mwambieni mganga, kwani yenyewe huweza kukaza choo. Msiikatishe kwa kichwa chenu.

Sasa mashine. Mnajua kwamba mashine yetu inatoza hela ya kukoboa na hela ya kusaga. Asiyekoboa analipa mara moja na kuondoka na unga mwingi zaidi, anayekoboa analipa mara mbili na debe lake linarudi pungufu. Pumba zinabaki kwetu, tunawauzia wafuga kuku wa mjini. Kwa maneno mengine, tunawavua watoto wetu kile kinacholainisha choo, tunawalisha kuku wa watu, na tunaandika faida! Nilipolisema hili kwenye kamati, mjumbe mmoja alijibu kwamba dona ni chakula cha jela. Mwingine, huyu alikuwa na hoja, akauliza: tukipoteza hela ya kukoboa na ya pumba, mkanda wa mashine tutaununua kwa nini? Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba tuongeze kidogo bei ya kukoboa, tupunguze ya kusaga dona, tutazame miezi mitatu. Anayetaka sembe nyeupe hazuiwi, alipie weupe wake.

Kuna jambo moja ambalo watu wa dona huwa hawalisemi. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua kwa sumu hiyo na wengine walikufa. Kukoboa huipunguza, dona huibakiza yote. Kwa hiyo dona ni ya mahindi yaliyokauka sawasawa, yaliyochaguliwa punje mbovu, yaliyowekwa juu ya chaga na si sakafuni. Mwenye mashine apewe amri ya kukataa mahindi yaliyoota ukungu, hata yakiwa ya mwenyekiti.

Na duka. Sisemi biskuti zifukuzwe. Nasema kwamba pale mezani, mbele, mahali ambapo mtoto mgongoni ananyoosha kidole, pakae tenga la papai na machungwa madogo ambayo wenye malori wanayakataa kwa udogo wake. Yanaoza chini ya miti, wote tunayakanyaga. Biskuti ziende rafu ya juu.

Wazee wenzangu mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, tulivyokaa vikundi vikundi kuizunguka redio. Tulichimba vyoo kwa sababu tulikaa tukazungumza. Akina baba tuliokuwa vijana siku zile tulibeba sululu, hatukuwaachia mama zetu. Kuteka maji ya mtoto na kumchumia papai si kazi nzito kuliko sululu.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Karani ameshaandika bei za mashine na meza ya duka kuwa ajenda namba 6. Akina mama wenye watoto wadogo njooni nao, kutakuwa na mkeka na maji ya kuchemsha. Mwenye hoja ya kupinga aiandike amletee karani kabla ya Ijumaa, nitaibandika hapa hapa, hata kama inanitukana, ilimradi mwandiko usomeke.