Mwandishi wa Riwaya na Salamu za Makwasinyi

Ni jambo la kawaida katika madarasa ya fasihi kumsikia mwanafunzi akieleza dhamira za riwaya kwa ufasaha mkubwa: ukoloni mamboleo, ufisadi, utabaka, ukombozi wa mwanamke. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia akiuliza mwandishi alikuwa ameketi wapi na nani, akisikiliza nini, kabla dhamira hizo hazijapata jina. Matokeo yake ni kwamba wengi huamini riwaya hutokana na mambo makuu pekee. Imani hiyo ina kasoro. Riwaya huanzia katika mambo madogo ya kila siku: salamu za njiani, swali la mzee, mazungumzo ya jikoni. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Historia ya nathari ya Kiswahili inaithibitisha hoja hii. James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa kutoka utumwani, na aliandika juu ya jamii ya Freretown aliyotoka. Kabla ya kitabu kulikuwa na wazee waliosimulia na kijana aliyetega sikio. Shaaban Robert naye aliishi kwa kazi ya ukarani serikalini, kwa miaka mingi akiwa katika idara ya forodha. Hata hivyo, alipata wasaa wa kukutana na Siti binti Saad kabla mwimbaji huyo hajafariki mwaka wa 1950, na kutokana na kukutana huko Waswahili wakapata wasifu ambao hadi leo husomwa.

Mfano wa Euphrase Kezilahabi una uzito zaidi. Alizaliwa mwaka wa 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Rosa Mistika (1971) haifungui kwa mjadala juu ya malezi au mmomonyoko wa maadili. Inaanzia nyumbani, kwa barua ya kijana kwa msichana na kipigo cha baba. Wahakiki wamejaza kurasa nyingi juu ya falsafa ya Kezilahabi, na wana haki. Lakini falsafa hiyo ilipitia mlango wa nyumba moja ya kijijini. Kabla ya riwaya hiyo, ni wasomaji wangapi wa Kiswahili walioijua Namagondo?

Sasa na litajwe jina jingine: Makwasinyi. Ni kijiji kilicho chini ya mlima Kasigau, katika Kaunti ya Taita Taveta, pamoja na vijiji jirani vya Rukanga, Jora, Kiteghe na Bungule. Msafiri huiacha barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hapo Maungu, karibu na Voi, akakata nyika yenye vumbi hadi mlima uinuke mbele yake, kilele kikiwa mara nyingi kimevaa wingu. Mlima ndio chanzo cha maji. Nyikani mna ndovu, na mkulima mwenye mahindi shambani hulala jicho moja likiwa wazi. Wanawake wa huko ni mafundi wa kusuka vikapu, na vidole vyao huendelea na kazi hata mdomo unapozungumza.

Mwandishi wa riwaya akifika hapo, atakutana na nini? Atakutana na kutazamwa. Atasalimiwa na kuulizwa habari za alikotoka, za wazazi, za safari. Mwandishi mwenye haraka huyaona maswali hayo kuwa adabu tu, ya kumalizwa upesi ili kazi ianze. Hapo ndipo anapokosea, kwa maana kazi imekwisha kuanza. Jinsi mama anavyonyamaza kabla ya kujibu, jinsi mzee anavyoutaja mlima kana kwamba ni jamaa yake: hayo ndiyo mali ghafi ya sanaa yake.

Tena nyuma ya salamu za Kasigau kuna jambo kubwa. Mwaka wa 1915, wakati Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakipigana katika mpaka huu, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani. Jamii nzima ikahamishwa kwa nguvu, ikapelekwa Malindi, pwani. Wengi walifia ugenini kwa njaa na maradhi. Waliosalia walirejea mlimani baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mzee wa leo anapomwuliza mgeni ametoka wapi, swali hilo lina mizizi mirefu kuliko mgeni anavyodhani.

Katika shule za Kenya zimesomwa Siku Njema, Utengano, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri na Nguu za Jadi. Chozi la Heri imewafunza vijana kuuona uchungu wa waliofurushwa makwao. Uhamisho wa Kasigau haumo katika orodha hiyo. Kwa upande wa pili wa mpaka, Abdulrazak Gurnah, aliyetuzwa Nobeli mwaka wa 2021, amewaandika askari wa vita hivyo katika Afterlives (2020), lakini kwa Kiingereza. Waliotembea kutoka Kasigau wamekwisha kufariki, na wajukuu wao sasa ni wazee. Kila msiba mlimani huondoka na sura nzima.

Huenda mtu akapinga kwamba kazi hii ni ya wanahistoria. Mwanahistoria ataeleza amri ilitolewa na nani na mwaka gani. Hatalazimika kueleza mama alibeba nini siku ile, aliacha nini mekoni, na mtoto aliuliza nini njiani. Hayo ni ya mwanariwaya, naye hawezi kuyabuni kwa uaminifu asipojua watu wa hapo hubeba nini na husuka nini leo. Huenda mwingine akasema kuwa lugha ya nyumbani huko si Kiswahili. Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza ya Kezilahabi pia. Namagondo haikupungukiwa kitu ilipoandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kiliongezeka.

Kilicho muhimu ni adabu. Wazee si ghala la kuchotwa na mgeni mwenye daftari ambaye hata salamu hajamaliza. Mwandishi anayestahili kuandika Makwasinyi ni yule atakayekubali kuketi pasipo kuandika, asaidie kuteka maji, arudi mara ya pili na ya tatu, hadi aache kuitwa mgeni.

Vyama vya Kiswahili vyuoni hufanya safari za kitaaluma na makongamano kila mwaka. Si vibaya safari mojawapo ikaelekezwa Kasigau, wanafunzi wakatumwa kusikiliza tu, na wahadhiri wakakubali kukisahihisha kisa kifupi cha salamu moja kwa uzito uleule wanaoutumia kusahihisha insha juu ya nadharia. Mwandishi wa riwaya ya Kasigau pengine ameketi darasani sasa hivi, akinakili dhamira ubaoni. Bibi yake yu hai bado, naye hajaulizwa.